Boston Garden, Ukumbi wa Watani wa Jadi

Boston Garden ilifungwa mwishoni mwa Septemba 1995, na miaka michache baadaye ikabomolewa. Pale iliposimama kwa karibu miaka 67, kando ya Causeway Street, juu ya stesheni ya treni ya North Station, leo pana majengo mengine, na nyuma yake upo ukumbi mpya ambao Boston Celtics wanauchezea mpaka sasa. Celtics wana mataji 18 ya NBA, na 16 kati ya hayo waliyatwaa Garden ikiwa nyumbani kwao. Hata hivyo, ukiwakuta mashabiki wazee wa mji ule wanazungumza mpira wa kikapu, hutawasikia wakianza kuhesabu mataji. Wanaanza na sekunde fulani ya mchezo fulani, na jina la mtu ambaye mara nyingi hakuwa hata mchezaji wa Boston.

Nami naona wana haki. Bendera za ubingwa huhamishika. Zilishushwa kwenye dari la Garden zikapandishwa kwingine. Alichokiona mtu kwa macho yake, akiwa amesimama, moyo unamwenda mbio, hakihamishiki. Na katika kila tukio kubwa la ukumbi ule mpinzani yumo ndani yake: ndiye aliyekosa, au ndiye aliyeporwa mpira, au ndiye aliyefunga watu karibu 15,000 wakanyamaza kwa pamoja. St. Louis, Philadelphia, Phoenix, Detroit, na kuwapita wote Los Angeles Lakers, hao ndio walioipa Garden jina.

Mwanzo wake haukuwa wa mpira wa kikapu. Aliyeijenga ni Tex Rickard, promota mkubwa wa ngumi aliyekuwa amejenga Madison Square Garden ya New York mwaka 1925. Alikuwa na ndoto ya kujenga kumbi za aina hiyo katika miji kadhaa ya Marekani, lakini akawahi wa Boston tu. Ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1928 kwa usiku wa ngumi, naye akafariki Januari 1929. Kwa kuwa Rickard alikuwa mtu wa ngumi, alitaka hata mtazamaji wa mbali awe karibu na ulingo, na hivyo majukwaa ya juu yalijengwa yakiuinamia uwanja. Mpira wa kikapu ulipoingia baadaye, ukakuta ukumbi ambamo kelele hazina pa kutokea. Mchezaji mgeni aliyesimama kwenye mstari wa mitupo huru alikuwa na watu juu ya kichwa chake. Ubaya wake nao ulijulikana: nguzo zilizowakinga baadhi ya watazamaji wasione, vyumba vya kubadilishia nguo vilivyobana, panya, na kukosekana kabisa kwa mitambo ya kupoza hewa.

Kisha ile sakafu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mbao ndefu zilikuwa adimu. Mwaka 1946 Celtics walihitaji sakafu, na fundi akatumia kilichopatikana, yaani vipande vifupi vya mwaloni vilivyobaki. Vilipangwa kwa mafungu, fungu moja vikielekea huku na fungu la jirani vikielekea kule, mpaka vikafanya mraba wa futi 5 kwa futi 5. Miraba hiyo ikaunganishwa kwa boliti ili iweze kufunguliwa na kufungwa upya, kwa maana mji ule ulikuwa na timu ya hoki pia, Boston Bruins, na barafu yao ilikuwa chini ya miguu ya wacheza kikapu. Sakafu hiyo ilianza kutumika Boston Arena, ikahamishiwa Garden mwaka 1952. Wapinzani walilalamika kwamba ina sehemu zilizokufa ambako mpira haudundi, na kwamba Celtics wanazijua zote. Mashabiki wa Boston hawakukanusha wala hawakukubali, waliuacha uvumi ufanye kazi yake. Leo muundo ule wa vipande vya mwaloni unatambulika duniani kote, na ulizaliwa na uhaba.

Ukumbi ulitumika kwa mengi. John F. Kennedy alifanyia humo mkutano wake mkubwa wa mwisho wa kampeni, tarehe 7 Novemba 1960. Tarehe 5 Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, James Brown alitumbuiza humo na tamasha likaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani. Hayo yana historia yake. Mimi nabaki na kikapu.

Walter Brown, aliyekuwa akiusimamia ukumbi, ndiye aliyeanzisha Celtics tarehe 6 Juni 1946, kwa kuwa usiku ambao hapakuwa na hoki ukumbi ulikaa mtupu. Miaka ya kwanza ilikuwa ya hasara na vipigo. Mambo yalibadilika mwaka 1950, mwaka ambao kwa maoni yangu ndio mwaka halisi wa kuzaliwa kwa timu hii. Kocha Red Auerbach aliajiriwa. Brown akamchagua Chuck Cooper, mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA. Na timu moja ya Chicago ilipokufa, wachezaji wake watatu wakapigiwa kura kwa majina yaliyowekwa ndani ya kofia. Boston ikampata Bob Cousy, ambaye haikumtaka. Cousy aligeuka kuwa mwalimu wa pasi zisizotazamwa na wa mashambulizi ya mbio, na alipoagwa Garden mwezi Machi 1963 alilia mbele ya watu mpaka hotuba ikamshinda.

Kilichokosekana ni mtu wa kudaka mipira na kulinda kikapu. Mwaka 1956 Auerbach aliwapa St. Louis Hawks wachezaji wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan, ili apate haki ya kumchukua Bill Russell. Kwa hiyo Celtics na Hawks walipokutana fainali mwaka 1957, tayari palikuwa na deni kati yao. Mchezo wa saba ulichezwa Garden tarehe 13 Aprili. Cousy na Bill Sharman, nyota wawili wa Boston, walikosa karibu kila kitu: mitupo 40 kwa jumla, iliyoingia 5. Waliowabeba ni vijana wawili wa msimu wa kwanza, Russell na Tom Heinsohn, aliyefunga pointi 37. Mchezo ulikwenda mpaka nyongeza ya pili. Boston wakiwa mbele 125 kwa 123 na sekunde ikielekea kwisha, Alex Hannum wa Hawks, aliyekuwa kocha na mchezaji kwa pamoja, aliurusha mpira kutoka ncha moja ya uwanja ukapiga ubao wa ncha ya pili na kurudi moja kwa moja mikononi mwa Bob Pettit, kama alivyokuwa amepanga. Pettit akarusha. Mpira ukagonga pete ukatoka. Taji la kwanza la Boston limeanzia hapo, kwenye mpira uliokataa kuingia.

Mwaka 1958 Hawks walilipa kisasi. Kuanzia 1959 Celtics wakatwaa mataji 8 mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya NBA iliyolifikia. Ukisoma mfululizo huo kwenye jedwali utadhani ulikuwa mteremko. Mashabiki waliokuwapo wanajua kwamba ulining'inia kwenye uzi mara nyingi, na mara iliyo maarufu kuliko zote ni tarehe 18 Aprili 1962.

Ilikuwa tena mchezo wa saba wa fainali, sasa dhidi ya Lakers waliokuwa wamehamia Los Angeles kutoka Minneapolis mwaka 1960. Walikuwa na Jerry West na Elgin Baylor. Siku nne kabla, kwenye sakafu hiyohiyo, Baylor alikuwa amefunga pointi 61, idadi ambayo haijafikiwa katika mchezo wowote wa fainali mpaka leo. Katika mchezo wa saba Russell alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 40. Dakika za mwisho Frank Selvy wa Lakers alifunga mara mbili na matokeo yakawa 100 kwa 100. Mpira ukabaki kwa Lakers. Rod Hundley akamwona Selvy upande wa kushoto, karibu na mstari wa mwisho, akampasia. Kikapu kilikuwa hatua chache tu. Selvy alikuwa mfungaji wa kuzaliwa: mwaka 1954, akiwa chuo cha Furman, aliwahi kufunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Akaruka, akarusha. Mpira uligusa pete ukatoka, Russell akaukumbatia. Boston wakashinda 110 kwa 107 katika muda wa nyongeza.

Nasema bila kusita kwamba huo ndio mtupo mkubwa kuliko yote katika historia ya Garden, ingawa haukuingia. Ungeingia, Lakers wangekuwa mabingwa ugenini, Baylor angepata taji ambalo hakulipata maisha yake yote, na uhasama huu wa pwani mbili ungekuwa na sura nyingine. Badala yake, Lakers walikwenda kupoteza fainali kwa Boston mwaka 1963, 1965, 1966, 1968 na 1969. Hundley alipenda kusimulia kwamba miaka mingi baadaye alikuwa akimpigia simu Selvy, anamsifia kwa mtupo ule, kisha anakata. Selvy alibeba jambo lile kwa heshima hadi uzeeni, na mashabiki wa Boston wanaolitaja jina lake hulitaja kama la mtu wa familia.

Philadelphia ndiyo iliyowapa kisa cha pili. Wilt Chamberlain alirudi mjini kwao kuchezea 76ers mwanzoni mwa 1965, na tarehe 15 Aprili akawa Garden kwa mchezo wa saba wa kuwania nafasi ya kwenda fainali. Boston waliongoza 110 kwa 109, zimebaki sekunde 5, mpira wao. Kazi ilikuwa ndogo: Russell autupe ndani kutoka nyuma ya mstari, muda uishe. Enzi hizo kikapu kilishikiliwa kwa waya zilizotoka kwenye majukwaa. Russell alirusha, mpira ukagonga waya. Kwa kanuni, mpira ukawa wa Philadelphia, chini kabisa ya kikapu walichokuwa wakishambulia. Russell, mtu aliyekuwa akishinda tangu ujana wake, alirudi kwenye kikao cha timu akiomba wenzake wamwokoe.

Hal Greer alishika mpira nje ya mstari. Sheria inampa sekunde 5 kuuachia. John Havlicek, aliyekuwa akimlinda Chet Walker, alimpa Greer mgongo na kuanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Alipofika ya tatu au ya nne bila pasi kutoka, akajua Greer ameanza kubanwa, akageuza shingo kidogo. Mpira ulikuwa tayari hewani. Aliuruka, akaupiga kwa vidole kuelekea kwa Sam Jones, na Jones akakimbia nao mpaka muda ukaisha. Watu walimwagika uwanjani, Havlicek akachaniwa fulana. Juu kwenye kibanda cha redio, Johnny Most mwenye sauti ya mikwaruzo alipiga kelele kwamba Havlicek ameuiba mpira, akairudia kauli hiyo mpaka sauti ikapasuka. Utangazaji ule ulitolewa kwenye sahani ya santuri na ukauzwa madukani. Kwa vijana waliozaliwa baadaye, hicho ndicho kilikuwa kisa cha kwanza cha Garden kuingia masikioni mwao.

Kumbukumbu ya ukumbi huu haiwi ya kweli tukiishia kwenye shangwe. Miaka ya Russell, miaka ya mataji 11 katika misimu 13, viti vingi vya Garden vilikuwa vitupu katika michezo ya kawaida, huku Bruins waliokuwa wakishindwa wakijaza. Nyumba ya Russell katika kitongoji cha Reading ilivunjwa na kuchafuliwa kwa maandishi ya kibaguzi. Mwaka 1964 Auerbach alianzisha mchezo huko St. Louis na wachezaji watano weusi kwa pamoja, jambo lililokuwa halijatokea NBA. Mwaka 1966 akamwachia Russell kiti cha ukocha, akawa mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi hiyo. Timu ilitangulia mbele ya mji wake. Ndiyo maana mwaka 1972, jezi yake namba 6 ilipopandishwa darini, Russell alitaka ifanyike kabla milango haijafunguliwa, wawepo wachezaji wenzake tu. Sanamu yake ilisimamishwa Boston mwaka 2013, na alipofariki Julai 2022, NBA nzima iliistaafisha namba ile. Heshima ilifika, lakini ilichelewa, na mashabiki wa kweli hulisema hilo.

Russell aliaga kama mchezaji na kocha mwaka 1969, akisaidiwa na mtupo ambao haupewi nafasi unayostahili. Lakers walikuwa wanaongoza fainali 2 kwa 1, na katika mchezo wa nne Garden walikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Sam Jones aliteleza akiwa anarusha, mpira ukaruka bila mpangilio mzuri, ukagonga pete, ukadunda, ukaingia. 89 kwa 88. Bila huo, Lakers wangekuwa 3 kwa 1. Boston walikwenda kumaliza kazi Los Angeles katika mchezo wa saba.

Halafu kuna Ijumaa ya tarehe 4 Juni 1976. Wengi wanauita mchezo bora kuliko yote uliowahi kuchezwa, nami sina hoja ya kuwapinga. Phoenix Suns walikuwa timu ya kawaida, ushindi 42 na vipigo 40 katika msimu, lakini fainali ilikuwa 2 kwa 2. Boston waliongoza kwa zaidi ya pointi 20 mapema, wakafikiwa. 95 kwa 95. Nyongeza ya kwanza, 101 kwa 101. Mwisho wa nyongeza ya pili Phoenix walikuwa mbele kwa pointi moja, na Havlicek, mwenye umri wa miaka 36 na mguu unaouma, akakata kuelekea kikapuni na kuupiga mpira ubaoni ukaingia. 111 kwa 110. Mashabiki wakadhani imekwisha, wakavamia sakafu. Shabiki mmoja akamshambulia refa Richie Powers. Wachezaji wa Celtics walikuwa tayari wamekwenda vyumbani waliporudishwa kwa sababu ya sekunde moja iliyobaki.

Hapo ndipo Paul Westphal wa Phoenix, aliyewahi kuichezea Boston, alipotumia akili. Suns hawakuwa na taimauti hata moja. Westphal akawaambia waombe hivyohivyo, wakijua wataadhibiwa. Jo Jo White akafunga mtupo wa adhabu, 112 kwa 110, lakini kwa kanuni za wakati ule Phoenix wakapewa mpira katikati ya uwanja badala ya chini ya kikapu chao. Gar Heard akaupokea, akageuka, akaurusha juu sana, kana kwamba analenga bendera. Ukashuka wima ndani ya wavu. Nyongeza ya tatu. Baadhi ya nyota wa Boston walikuwa wametolewa kwa faulo, na aliyeokoa jahazi alikuwa Glenn McDonald, mchezaji wa benchi, aliyefunga pointi 6 katika nyongeza hiyo. Boston 128, Phoenix 126, saa sita za usiku zimekwisha kupita. Siku mbili baadaye Boston walichukua taji huko Phoenix. Ligi iliibadili kanuni aliyoitumia Westphal. Waulize watu wa Boston kuhusu usiku ule. Watamtaja Heard kabla ya McDonald.

Larry Bird aliingia 1979, msimu mmoja na Magic Johnson wa Lakers, miezi michache baada ya wawili hao kukutana kwenye fainali ya vyuo vikuu. Garden ikaanza kujaa kila usiku. Kabla ya Lakers palikuwa na Philadelphia: mwaka 1981 Boston walitoka nyuma 3 kwa 1 na kushinda mchezo wa saba 91 kwa 90, kwa mtupo wa Bird uliopitia ubaoni. Mwaka uliofuata 76ers walirudi Garden kwa mchezo wa saba mwingine, na Andrew Toney akafunga 34. Boston walipoteza 120 kwa 106. Dakika za mwisho, walipoona hakuna tena matumaini, mashabiki wa Boston wakaanza kuimba wakiwataka Philadelphia wakaifunge Los Angeles. Ukumbi mzima uliimba, kwa ajili ya timu iliyokuwa imetoka kuwatoa. Sijui tendo la kishabiki lenye uungwana kuliko lile.

Fainali ya 1984 dhidi ya Lakers ilileta uporaji wa pili, baada ya ule wa Havlicek. Lakers walishinda mchezo wa kwanza Garden, na wa pili walikuwa mbele kwa pointi 2 na mpira wao, zimebaki sekunde chache. James Worthy akapiga pasi ya taratibu kukata uwanja kumtafuta Byron Scott. Gerald Henderson akaingia katikati, akauchukua, akafunga. Boston wakashinda kwenye nyongeza, 124 kwa 121. Mchezo wa tano ulichezwa joto likiwa nyuzi 36 za Selsiasi ndani ya ukumbi usio na kipoza hewa. Kareem Abdul-Jabbar, mwenye miaka 37, alikaa benchi akivuta oksijeni kwenye barakoa. Mwamuzi mmoja alishindwa kuendelea na kipindi cha pili. Bird akarusha mara 20, akaingiza 15. Boston walimaliza kazi katika mchezo wa saba.

Uporaji wa tatu ni wa tarehe 26 Mei 1987. Detroit Pistons walikuwa mbele 107 kwa 106, zimebaki sekunde 5, Isiah Thomas anatupa mpira kutoka nje. Kocha wake alikuwa akipiga kelele aombe taimauti. Thomas akamrushia Bill Laimbeer pasi laini, Bird akaibuka akaikwapua, nusura atoke nje, akageuka na kumwona Dennis Johnson anakimbilia kikapuni. 108 kwa 107.

Mashabiki hubishana usiku kucha: Havlicek, Henderson au Bird? Wa Bird ulikuwa mzuri kuliko yote kuutazama, kwa kuwa uporaji ni nusu ya kazi, na kumwona mwenzako ukiwa unaanguka ni nusu nyingine. Wa Havlicek una sauti ya Most. Mimi nampa Henderson. Havlicek aliipora timu iliyokuwa nyuma, na ule wa 1987 haukuleta taji, lakini bila Henderson Boston wangekwenda Los Angeles wakiwa 0 kwa 2. Miezi michache baadaye aliuzwa Seattle, na kwa haki ya uchaguzi iliyopatikana, Celtics walimchukua Len Bias mwaka 1986. Bias alifariki siku mbili baada ya kuchaguliwa, akiwa na miaka 22. Timu haikupona jeraha lile kwa muda mrefu.

Lakers nao walikuja kudai chao. Tarehe 9 Juni 1985 walishinda Garden 111 kwa 100 na kuwa mabingwa, baada ya kupoteza fainali zote 8 za awali dhidi ya Boston. Hakuna timu nyingine ngeni iliyowahi kushangilia ubingwa wa NBA kwenye sakafu ile. Mwaka 1987, tarehe 9 Juni tena, Magic alikata katikati ya Kevin McHale na Robert Parish, akauinua mpira juu ya mikono yao kwa mtupo wa ndoana aliojifunza kwa Kareem. 107 kwa 106. Zilibaki sekunde 2, Bird akapata nafasi ya wazi pembeni, akakosa. Mashabiki wengi wa Boston wanakiri kwamba walikuwa wameshaanza kunyanyua mikono.

Wageni wengine waliacha alama zao. Michael Jordan, msimu wake wa pili, alifunga pointi 63 tarehe 20 Aprili 1986, na bado akapoteza 135 kwa 131 katika nyongeza mbili. Dominique Wilkins wa Atlanta alifunga 47 katika mchezo wa saba wa tarehe 22 Mei 1988, Bird akamjibu kwa 34, 20 kati ya hizo robo ya nne, Boston wakapita kwa 118 dhidi ya 116. Na katika msimu wa mwisho wa Garden, Wilkins huyohuyo alikuwa amevaa jezi ya kijani ya Celtics. Mwaka 1993, Bird alipoagwa, Magic alisimama naye katikati ya sakafu, akavua koti la Lakers na kuonyesha fulana ya Celtics aliyoivaa ndani. Ukumbi ulimshangilia mtu aliyewaumiza kuliko mwingine yeyote aliye hai.

Mchezo wa mwisho wa Celtics humo ulikuwa tarehe 5 Mei 1995, kipigo cha 95 kwa 92 kutoka kwa Orlando Magic ya Shaquille O'Neal. Ukumbi mpya ulijengwa nyuma ya ule wa zamani, ukuta kwa ukuta, nafasi kati yao ikiwa inchi 9. Una kipoza hewa na hauna nguzo za kukinga macho. Sakafu ya mwaloni ilihamia humo ikatumika hadi Desemba 1999, kisha ikakatwa na vipande vyake vikauzwa kama kumbukumbu. Boston na Lakers wamekutana fainali mara mbili tangu hapo, Boston wakishinda 2008 na Lakers 2010, na kufanya hesabu ya jumla kuwa 9 kwa 3.

Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa Havlicek sasa amepita 80. Havlicek mwenyewe alifariki 2019, Most 1993, Auerbach 2006. Picha za michezo mingi ya miaka ya 1950 na 1960 ni chache au hazipo kabisa, na jengo halipo. Kilichobaki ni watu waliokuwa wamekaa pale, wa Boston na wa timu pinzani. Celtics, Lakers na NBA wana fedha na vyombo vya kuwarekodi, mmoja mmoja, kila mtu na sekunde yake. Wafanye hivyo sasa, na wasiwasahau waliokwenda Garden kushangilia timu ngeni.